Kikosi cha Kwanza cha Maneno Yaliyobebana, Kutoka Nachingwea Hadi Ruangwa

Waholanzi wana neno valkuil. Ukilikata val-kuil ni shimo la mtego. Ukilikata valk-uil umemwozesha kozi kwa bundi. Wana pia massagebed: kata huku, ni kitanda cha kukandwa mgongo; kata kule, ni sala ya umati. Mtu kaingia kunyooshwa kiuno, katoka ameokoka, kisa silabi. Halafu wana herfst, majira ya majani kupukutika, ambamo vokali moja ya watu imezingirwa na konsonanti tano na haijulikani itatokaje. Lipeleke hilo sokoni Nachingwea asubuhi. Kufikia adhuhuri litakuwa herifisiti, na litakuwa limeshapata wateja.

Waholanzi wanajisifu kwa kubandika nomino juu ya nomino. Hawajafika Lindi. Huku kusini tunabandika pia, ila tunamhurumia msemaji. Kiswahili kinapenda silabi iishie na vokali (wageni kama labda na daftari tumewavumilia), kwa hiyo hata ukipandisha maneno matatu moja juu ya jingine, mdomo unapata pa kupumulia.

Sasa twende kwenye shindano. Nimechagua maneno kumi na moja, kwa sababu Ruangwa ndiko nyumbani kwa Namungo, na mji wenye timu ya Ligi Kuu huwezi kuupelekea kikosi cha kumi. Sheria ni mbili tu.

Ya kwanza ni mizani. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zina mizani za aina mbili: ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inayopima korosho, na ya mshairi inayohesabu silabi. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandikia kitabu sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tutatumia mizani yake, maana ile ya AMCOS ina kesi zake.

Ya pili ni kipimo cha wingi. Lichukue neno, litie kwenye wingi. Likigeuka kichwani tu na mkia ukatulia, limeungana kweli, liwe limeandikwa kwa nafasi au bila nafasi. Likitikisika mbele na nyuma, hayo ni maneno mawili yanayotembea pamoja jioni na kila moja lina kwao. Mambo ya nafasi katikati waachie wahariri. Anayepiga kelele stendi hana kitufe cha nafasi.

Najua utabisha. Bisha, lakini kwa mpangilio, tunaanzia mkiani.

11. WAZIRI MKUU
(wa-zi-ri m-ku-u, mizani 6)

Limeingia kwa heshima ya mwenyeji. Kassim Majaliwa, aliyeingia bungeni kwa tiketi ya Ruangwa mwaka 2010, alikishika cheo hiki kuanzia 2015 hadi 2025, na miaka yote hiyo kila mtu wilayani alikuwa ama jirani yake, ama alisoma naye, ama anamfahamu mtu aliyesoma naye.

Ila kipimo hakina undugu. Wingi wake: mawaziri wakuu. Kichwa kimegeuka, mkia nao umegeuka. Hiyo si ndoa, hiyo ni barua ya posa.

Hukumu: limepita kwa memo.

10. MLALAHOI
(m-la-la-ho-i, mizani 5)

Wingi walalahoi. Mkia umelala hoi kikweli, hautikisiki hata ukiletewa mgeni. Na ile m ya mwanzo ni silabi kamili isiyo na vokali, kitu ambacho Mholanzi hakiwezi hata kwa posho.

Hukumu: neno safi. Tatizo lake ni kwamba walalahoi wenyewe hawalitumii. Utalisikia kwa wanaowaomba kura.

9. BWANA SHAMBA
(bwa-na sha-mba, mizani 4)

Wingi: mabwana shamba. Hebu tulia hapo. Mabwana wamekuwa kumi, mashamba wanayozungukia ni mamia, lakini kwenye neno lao shamba limebaki moja, na hakuna anayeuliza. Hakuna aliyewahi kusema mabwana mashamba akaeleweka. Atadhaniwa anataja matajiri wa Morogoro. Huo ndio muungano wa kweli, japo limeandikwa kwa nafasi pana ya kupitisha toroli.

Ofisini wanataka tuseme afisa ugani. Tumewasikia. Afisa ugani yuko kwenye barua. Anayefika kijijini na pikipiki imejaa vumbi hadi kwenye taa ni bwana shamba. Tena ngoja umwone mwenzake, bibi shamba. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, katoka chuo cha kilimo juzi, ana buti na simu yenye kioo kilichopasuka. Mzee wa miaka sabini anamkaribisha, “Karibu, Bibi Shamba.” Naye anapiga goti kidogo: “Shikamoo, babu.” Bibi kamwamkia babu, babu kaitikia marahaba, kazi inaendelea.

Hukumu: neno linalompa bwana asiye na shamba shamba, na msichana ubibi kabla ya mume.

8. STAKABADHI GHALANI
(sta-ka-ba-dhi gha-la-ni, mizani 7)

Mwanasarufi atasema hili si neno moja, ni nomino na mahali ilipo. Atasema hivyo akiwa mjini. Huku linatoka kwa pumzi moja, na halina wingi wa kuhangaikia: stakabadhi ghalani moja, stakabadhi ghalani elfu, sura ni ile ile. Kipimo kimegonga mwamba.

Mfumo wenyewe uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, na sasa hata ufuta na mbaazi umevikuta. Unapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, unaondoka kwenda ghala kuu, unapigwa mnada, na wewe unabaki na karatasi mfukoni na simu unayoitazama hata ukiwa msikitini, ukisubiri meseji ya benki.

Mimi nina ugomvi na silabi yake ya kwanza. Sta! Konsonanti mbili zimekaa siti moja na hawajuani. Mdomo uliolelewa na ba-be-bi-bo-bu unatafuta upenyo wa kuingiza i, na ukishaiingiza, ulimi ukateleza kidogo tu mbele, umesema sitakabidhi. Yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba umetoa mzigo imegeuka kiapo kwamba hutoi. Na usidhani ni bahati mbaya: kukabidhi na stakabadhi wametoka tumbo moja, shina lao la Kiarabu ni moja, wanagombana kama ndugu wa kweli. Mwaka 2018, bei zilipogomewa, serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba magunia. Msimu ule, ukisikia mtu anatafuna silabi ya kwanza, ulikuwa na haki ya kumuuliza amesema lipi kati ya mawili.

Hukumu: silabi saba. Malipo yakichelewa, zinakuwa na vituo vya kuvuta pumzi katikati.

7. GARIMOSHI
(ga-ri-mo-shi, mizani 4)

Gari, moshi, basi. Uungwana wa neno hili ni kwamba linasema lilichokiona. Wazee wa Nachingwea walilitumia kwa haki: reli ililazwa kutoka pwani hadi kwao mwishoni mwa miaka ya 1940, na gari lilikuja, na moshi ulikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Lakini nenda leo Nachingwea uulize kata ya Stesheni. Ipo. Ina wakazi, ina diwani, ina kila kitu isipokuwa kile kinachofanya mahali paitwe stesheni.

Huko Dar es Salaam nako kuna upungufu wa aina nyingine. Tangu 2024 treni ya umeme inakimbia kwenda Morogoro na Dodoma, haitoi moshi hata wa kuwashia jiko, na bado wapo wanaoiita garimoshi. Kwa hiyo Tanzania leo ina garimoshi lisilo na moshi na stesheni isiyo na gari. Tukiviunganisha tutapata usafiri kamili wa kufikirika.

Wingi wake, kama unasisitiza, ni magarimoshi. Kichwa kimebeba ma-, moshi umetulia. Limefaulu.

Hukumu: linastahili pensheni, na linayo, kamusini.

(Tusimame kidogo. Kuna wawili wameonekana wakijaribu kupenya getini, wametolewa.

Kangomba. Linasikika kama limeungwa, ka-ngo-mba, na mgeni anaweza kudhani kuna ng'ombe mdogo mahali fulani. Hakuna ng'ombe. Ni ile biashara ya kumpelekea mkulima pesa kidogo wakati wa njaa na kuchukua korosho zake kwa bei ya kutupa kabla mnada haujafunguliwa. Imepigwa marufuku kwenye mikutano kwa sauti kubwa, na wanaoifanya huwa wanahudhuria mikutano hiyo. Kiutungo ni neno moja, halijabeba mtu. Nje.

Machinga. Kuna watu wanaapa mbele ya mama zao kwamba neno hili ni Kiingereza kilichobandikwa, “marching guy”, kijana anayetembea na bidhaa. Jamani. Wamachinga ni watu wa Lindi, wana kwao na wana lugha yao, na hawakumsubiri Mwingereza awafundishe kutembea. Nje, na aliyelileta atoke nalo.)

6. UBWIRIUNGA
(u-bwi-ri-u-nga, mizani 5)

Ugonjwa wa kuvu unaopaka maua na machipukizi ya mkorosho unga mweupe, ukayaacha yamekauka kabla hayajawa kitu. Neno limejengwa kwa ubwiri na unga, na pale kwenye ri-u vokali mbili zimegongana bila kizuizi. Usiziharakishe. Anayesema ubwirunga kameza silabi, na kwa kawaida ndiye anayemeza hata dozi.

Dawa yake ya siku nyingi ni salfa, nayo ni unga. Alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka na upepo umelala, utaona wingu la manjano linapanda kwenye mikorosho na mtu chini yake ana mashine inayonguruma mgongoni, kitambaa usoni, macho mekundu. Unga unafukuza unga. Ni vizuri ukumbuke hilo ukiwa safarini: Nachingwea, muuza unga anaweza kuwa mtu wa duka la pembejeo na ana leseni ukutani. Usimripoti.

Hukumu: halina wingi, na tunashukuru.

5. KIPAUMBELE
(ki-pa-u-mbe-le, mizani 5)

Kwa mwenye akili timamu limekatwa hivi: ki-pa-umbele, kitu kinachopewa umbele. Wingi ni vipaumbele, kichwa tu ndicho kimegeuka, cheti mkononi. Lakini ukilikata vibaya kwa makusudi, nami ndiyo kazi yangu, unapata kipa na umbele.

Huyu kipa naye ana historia. Alikuja nchini kutoka Kiingereza akiwa na silabi tatu, zote zimefungwa nati. Tukamfungua, akawa go-li-ki-pa, silabi nne, kila moja ina dirisha. Baadaye tukaona goli linajulikana liko wapi, tukalikata, akabaki kipa. Mholanzi akishaunga neno halikati, analiogopa. Sisi tunaunga asubuhi, tunakata mchana, jioni tunalipanga benchi.

Kwa hiyo kipa umbele ni nani? Nenda Uwanja wa Majaliwa siku Namungo wamefungwa moja bila, dakika ya tisini, kona. Yule mwenye glavu anayekimbia kuelekea lango la wenzake huku jukwaa zima limesimama na kocha ameshika kichwa, ndiye huyo. Amejipa umbele.

Wanasiasa nao wamelitesa neno hili. Utasikia kipaumbele cha kwanza, kipaumbele cha pili, na hotuba ikifika kipaumbele cha kumi na mbili unajiuliza nyuma kabaki nani.

Hukumu: alama kamili kwa ujenzi, kadi ya njano kwa matumizi.

4. NJUGUMAWE
(nju-gu-ma-we, mizani 4)

Hapa nitakaa, kwa hiyo vuta kigoda.

Njugumawe ni njugu na mawe. Mawe, wingi! Ukiokota punje moja iliyodondoka chini ya benchi, umeokota njugumawe moja, na ndani ya hiyo moja kuna mawe mengi. Njugujiwe hakuna. Jaribu kumwambia mama anayeuza kwa kikombe akupunguzie njugujiwe tatu. Atakutazama, atawatazama wenzake, na bei itapanda. Kwa maneno mengine wingi umefungiwa ndani ya umoja, na hautoki, hata uchemshe kutwa. Na kuchemsha kutwa ndiyo hali halisi: ukitaka njugumawe za mchana anza kabla ya chai.

Pacha wake ni njugunyasa (nju-gu-nya-sa, mizani 4 pia), ambaye kamusi zinamtaja kwa heshima na sokoni hajulikani, kwa sababu kila mtu anamwita karanga. Na karanga, ndugu zangu, zina faili lao Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, walianza mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa wa kutisha. Kongwa, Urambo, Nachingwea. Matrekta yakaja, bandari ikajengwa Mtwara, na ile reli ya namba saba ikalazwa. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na hasara ilihesabiwa kuwa takriban pauni milioni 36. Kwenye shairi la huzuni wangeweza kuandika njugunyasa au njugumawe, mizani ingekaa sawa, lakini ukweli ni kwamba walikuja kutafuta njugunyasa wakapata mawe matupu.

Mashamba yale yalipewa namba, na moja lao, Farm 17, likaja kuwa maarufu kwa zao lingine kabisa: kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, Samora Machel akiwa miongoni mwa makamanda wake. Kiingereza kinalitamka jina hilo kwa silabi nne zenye vifuniko. Wenyeji wakavifungua vyote: fa-mu se-vi-nti-ni, sita. Karanga hazikuota, lakini silabi mbili za ziada tulivuna.

Najua kuna msomaji anasema njugumawe ingekuwa namba moja. Una hoja. Kuna tatu zilizokuwa na hoja zaidi.

Hukumu: tamu na chumvi, ngumu na sarufi.

3. KILIMANIHEWA
(ki-li-ma-ni-he-wa, mizani 6)

Ndiyo valkuil yetu, ipo kwenye ramani, ni kata ya Nachingwea.

Kata ya kwanza (nakusudia ya kisu): Kilimani-hewa. Kilimani pana hewa, pana upepo, utakaa vizuri, lete godoro. Kata ya pili: Kilima-ni-hewa. Na hapo Mtanzania yeyote aliyesikiliza redio mwaka 2016, wakati watumishi hewa wanasakwa kwenye orodha za mishahara, anajua hewa inamaanisha nini. Mtumishi hewa hayupo. Madai hewa hayapo. Kilima ni hewa: kilima kipo kwenye makaratasi, kinalipwa kila mwezi, ukienda kukiangalia unakuta tambarare.

Wakazi, nawaomba msinune. Kilima chenu nakitambua. Nashangaa tu kwamba silabi moja ya watu, -ni, ambayo kwa kawaida inafanya kazi ya unyenyekevu ya kuonyesha mahali, ikisogezwa hatua moja tu inaweza kufuta mlima.

Na kwa kuwa tuko kwenye kata za Nachingwea, niambieni nani aligawa majina. Kuna Mtua. Kuna Kipara Mtua. Kuna Kipara Mnero. Kuna Mnero Miembeni na Mnero Ngongo. Inaonekana kulikuwa na maneno machache na kata nyingi, yakazungushwa kwa zamu kama jembe la kuazima. Mgeni akisikia “nimetoka kwa Kipara Mnero” anamtafuta mzee mmoja asiye na nywele.

Hukumu: nishani ya shaba, nayo tumeikagua kwanza isije ikawa hewa.

2. RUNALI
(ru-na-li, mizani 3)

Wengine wote wameungana kwa kubebana. Huyu kaungana kwa mkasi. Chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale kilichukua silabi ya kwanza ya kila wilaya, kikaitupa iliyobaki, kikazishona tatu. Ni ufundi wa ukoo: Tanzania yenyewe ilikatwa hivyo hivyo mwaka 1964. Jirani zetu wa Mtwara walijaribu wakapata MAMCU na TANECU, majina yenye C isiyojua kusoma Kiswahili. RUNALI inateleza. Inaweza kuwa jina la binti.

Sasa lisome taratibu. Ru. Na. Li.

Umeona? Ru na Li. Nachingwea, wilaya yenye reli iliyong'olewa, kambi ya wapigania uhuru na kata nzima ya kilima cha kutiliwa shaka, imeingia kwenye muungano ikageuka kiunganishi. Ruangwa na Liwale wameketi pande mbili, katikati kuna “na”. Mtu wa Nachingwea akilalamika anaweza kujibiwa kwamba bila yeye wenzake wasingeungana, na hilo ni kweli, na halimsaidii.

Nimejaribu kumtetea. NARULI: Nachingwea kaanza, lakini linasikika kama dawa ya minyoo. LINARU: sabuni. NALIRU na RULINA hatuzijadili mbele ya watoto. LIRUNA ndiyo iliyokaribia, lakini hapo Nachingwea kawa mkia. Kumbe waliolikata walijua: jina zuri lilihitaji mmoja akubali kuwa “na”, na Nachingwea ndiyo iliyozaliwa na silabi hiyo mdomoni. Ruangwa isitambe sana, kwani hadi 1995 ilikuwa ndani ya Nachingwea.

Kipimo cha wingi? Haina wingi, ni moja tu. Nimempa nafasi ya pili kwa uzuri, na kwa sababu ndiyo nomino pekee hapa inayolipa watu.

Hukumu: fedha, ikigawanywa kwa tatu.

1. MWANAMKE
(mwa-na-m-ke, mizani 4)

Wacha miguno. Nisikilizeni.

Najua mlitarajia mwananchi. Mwananchi ni neno zuri, mwa-na-n-chi, lina ile n inayokaa peke yake kama silabi, na wapo watakaoniambia kwa ukali kwamba wao hawaitamki hivyo. Pelekeni ubishi kwa washairi. Lakini mwananchi kafaulu kipimo kirahisi mno: wananchi, mkia umetulia, umekwisha. Mwanafunzi vivyo hivyo, mwanachama vivyo hivyo. Hawa ni wanafunzi wa mbele darasani. Bingwa ni yule aliyevunja sheria na mwalimu akanyamaza.

Wingi wa mwanamke ni wanawake. Mwana kawa wana, m katikati ya neno kawa wa. Kichwa kimegeuka, tumbo limegeuka. Kwa sheria niliyoitunga mwenyewe juu huko, na niliyomhukumia nayo Waziri Mkuu bila huruma, hili lingepaswa kuwa maneno mawili yanayotembea pamoja jioni. Na hakuna mtu, Ruangwa, Nachingwea wala duniani, aliyewahi kuliandika kwa nafasi au kulitilia shaka. Linabadilika kote na linabaki moja. Unafanyaje na neno kama hilo? Unalipa kikombe.

Halafu lisikilize. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hesabu: ke, halafu m. Mkazo umeangukia kwenye m! Mtu anayeita “we mwanamke!” kutoka ng'ambo ya barabara anapaza konsonanti iliyofungwa midomo, na inasikika hadi upande wa pili wa soko. Mholanzi, na konsonanti zake tano za herfst, hajawahi kuweza kupaza hata moja kati yake.

Sasa mlinganishe na mwenzake. Kamusi inasema mwanamume, mwa-na-mu-me. Mtaani tunasema mwanaume. Kadondosha m njiani na hakuna aliyerudi kuitafuta. Kwenye wingi, kama angefuata mfano wa wanawake, tungepata wanawaume. Hatukupata. Wamejikunja wakawa wanaume, ile wa ya pili imemezwa. Wanawake wameshika viambishi vyao vyote viwili, mbele na katikati, kizazi baada ya kizazi. Wanaume wamepoteza kimoja kwenye umoja na kingine kwenye wingi, na mizani yao imebaki nne ile ile, kwa hiyo hawajagundua.

Hukumu: dhahabu, bila mjadala wa VAR.

Rufaa za wanaume zitapokelewa kwa maandishi tu. Mkata rufaa aandike jinsia yake kwa kirefu, mwanamume, na m zote tatu. Yenye upungufu itarudishwa ghalani.